"Ni Utani Tu": Mwanzilishi wa Mradi Wetu Hataki Kufuta Mizaha Yake

Ndugu Mshauri,

Salamu. Mimi ni mmoja wa watunzaji watatu wa programu huria ya kusimamia maktaba, yaani msimbo wake (maagizo yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Mradi si mkubwa, lakini maktaba za shule na za umma katika nchi kadhaa zinautegemea, na kila toleo jipya likitoka tunapokea taarifa za hitilafu kutoka kwa watu ambao hatujawahi kuonana nao. Hakuna anayetulipa. Naipenda sana kazi hii.

Mwanzilishi wa mradi namheshimu kama kaka yangu. Ndiye aliyenifundisha kusoma msimbo wa mtu mwingine bila kuogopa, na ndiye aliyepitia mabadiliko yangu ya mwanzo mstari kwa mstari. Ni mcheshi kwelikweli. Tatizo ni kwamba ucheshi wake ameupandikiza ndani ya programu yenyewe. Seva ikichelewa kujibu, skrini inaandika: "Seva iko kwenye siku zake, usiiguse." Katika nyaraka zetu, kila mfano wa mtumiaji anayekosea ni mwanamke aitwaye Mama Sielewi, na anayemrekebisha daima ni Bwana Fundi. Kuna fanksheni mbili (vipande vya msimbo vyenye kazi maalumu) ambazo majina yake nashindwa kuyaandika hapa. Data za majaribio zimejaa vichekesho kuhusu viziwi. Akirekebisha kosa la mwenzake, kwenye maelezo ya mabadiliko huandika "nasafisha uchafu wa fulani", kwa jina.

Mwaka jana alijiunga nasi dada mmoja. Aliandika upya sehemu yote ya kutafuta vitabu, na kazi yake ilikuwa safi. Baadaye akaleta ombi dogo la mstari mmoja tu, la kubadilisha ule ujumbe wa seva. Kaka akalifunga kwa kumjibu: "Naona na wewe uko kwenye siku zako." Wengine wakaweka alama za kicheko. Dada hakujibu neno, na hajarudi tena. Sehemu ya kutafuta vitabu sasa haina mtu anayeielewa vizuri.

Nilizungumza na kaka faraghani. Akasema ni utani tu, aliyelalamika ni mmoja, huu ni mradi wa kujitolea na si ofisi, hata Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ilijengwa na watu wanaotukanana, na kwamba tukianza kufuta vichekesho tutabaki na mradi usio na roho. Mapatano hayakupatikana.

Wiki chache zilizopita mkutubi wa shule moja alitutumia picha ya skrini. Ujumbe ule wa seva ulitokea ukutani kwenye projekta, mbele ya darasa la watoto. Aliuliza kwa adabu kama unaweza kuzimwa.

Mtunzaji wetu wa tatu anasema tunyamaze, kwa sababu kaka akiondoka mradi utakufa. Naomba unisaidie mambo matatu. Je, nina haki ya kumwambia mtu aliyeuanzisha mradi abadilike? Tukiandika kanuni za maadili, nani atazisimamia ikiwa anayezivunja ni mwenye mradi? Na yule dada nimwandikie, au nitakuwa namtonesha kidonda?

Mtunzaji wa Pili

*

Ndugu Mtunzaji wa Pili,

Nianze na lile ombi la mstari mmoja, maana ndilo linaloniuma kuliko yote uliyoyataja. Ujumbe wa seva ulikuwa utani wa hovyo uliorushwa bila kumlenga mtu mahususi. Jibu alilopewa yule dada ni jambo zito zaidi. Alileta pendekezo la kazi, akajibiwa kuhusu mwili wake, mbele ya wenzake, na wenzake wakacheka. Hakuambiwa mabadiliko yake yana kasoro gani. Hakuambiwa kwa nini ujumbe ubaki. Mtu aliyetendewa hivyo akiondoka, asiitwe mwenye moyo mwepesi. Ameelewa kwamba kila atakapoleta kazi yake hapo, kitakachokaguliwa ni yeye.

Ndiyo maana hesabu ya kaka yako, kwamba amelalamika mmoja tu, haisimami. Wengine wote waliona yaliyompata huyo mmoja. Mwaka 2017 GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya programu, iliwahoji zaidi ya watu 5,500 wanaotumia na kuchangia programu huria. Nusu yao walisema wamewahi kushuhudia mtu akitendewa vibaya na mwenzake, na asilimia 18 walisema yaliwakuta wao wenyewe. Miongoni mwa walioshuhudia au kutendewa, asilimia 21 waliacha kuchangia mradi kwa sababu hiyo. Wanawake walikuwa asilimia 3 tu ya waliojibu, na robo yao walisema wamekutana na lugha au maudhui yaliyowafanya wajione hawatakiwi, wakati kwa wanaume ilikuwa asilimia 15. Kwa mradi wenye watunzaji watatu, huyo dada aliyeondoka si hasara ndogo. Na wale walioona ubishi ule wakaamua wasijiunge kabisa, hamtawajua kamwe.

Unauliza kama una haki ya kumwambia. Unayo, tena ni wajibu wako. Wewe ni mtunzaji, na kila toleo linalotoka na ujumbe ule linatoka kwa jina lako pia. Lakini ukienda kwake nenda umejiandaa kwa hoja zake, kwa sababu ni hoja ambazo watu wengi waungwana huzishika, na zinastahili kujibiwa vizuri.

Kuhusu Linux, kaka yako ameisimulia nusu ya kwanza. Ni kweli Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijulikana kwa miaka mingi kwa barua zake kali. Nusu ya pili ni hii: tarehe 16 Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliwaandikia wasanidi wa kiini cha Linux akaomba radhi kwa kuwashambulia watu, akasema anapumzika kwa muda ili atafute msaada wa kuelewa hisia za watu na kuwajibu ipasavyo. Msanidi mwenzake Greg Kroah-Hartman akalimalizia toleo la 4.19, na mradi ukapokea mwongozo mpya wa maadili uliotokana na Contributor Covenant, kanuni za maadili zilizotungwa kwa ajili ya miradi huria. Oktoba mwaka huohuo Torvalds akarudi kazini. Kiini cha Linux hakikusambaratika, na msimbo mbovu hukataliwa huko hadi leo. Mwambie kaka kwamba mfano aliouchagua unamtetea yule dada.

Kuhusu mradi wa kujitolea kutokuwa ofisi, mimi naliona jambo hili kinyume kabisa na anavyoliona. Mwajiriwa hubanwa na mshahara. Hata akitukanwa leo, kesho atarudi kwa sababu ana kodi ya kulipa. Anayejitolea hana kinachomshika isipokuwa namna anavyopokewa. Ofisi yenye fedha inaweza kumvumilia bosi mwenye mdomo mchafu kwa miaka. Mradi wenu hauna uwezo huo. Weledi mnauhitaji nyinyi zaidi ya ofisi yoyote, kwa sababu heshima ndiyo malipo pekee mnayoweza kutoa.

Kisha kuna suala la nani anasoma. Mkiwa watatu faraghani, mnaojuana tabia na mipaka, taniani mtakavyo. Mmoja akikereka atasema, na mwingine ataomba radhi. Msimbo huria hausomwi hivyo. Unasomwa na watu msiowajua, miaka baada ya mzaha kuandikwa, na hawana pa kujibia. Mwaka 2012 iligundulika kwamba msimbo ambao Microsoft iliuchangia kwenye kiini cha Linux kwa ajili ya Hyper-V, mfumo wake wa kuendesha kompyuta pepe, ulikuwa na namba ya utambulisho 0xB16B00B5, ambayo ukiisoma kama herufi za Kiingereza inakuwa maneno ya kihuni kuhusu matiti. Ilikuwa namba moja ndani ya maelfu ya mistari. Ikageuka habari ya dunia, kampuni ikaomba radhi, na namba ikabadilishwa. Hakuna kona ya msimbo huria iliyojificha kiasi cha kutosomwa na mtu, na mkutubi wenu amewaonyesha hivyo mapema kuliko mlivyotarajia.

Hoja ya roho ya mradi ndiyo ninayoiheshimu zaidi, na ningependa usiipuuze. Ucheshi ni sehemu ya urithi wa programu huria, na mradi uliokauka kabisa hauvutii mtu kuutumikia usiku baada ya kazi. Tarehe 1 Aprili 1998 ulitolewa waraka wa mtandao uitwao RFC 2324, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya mzaha ya kuendesha vyungu vya kahawa kupitia mtandao, ambamo birika la chai likiagizwa lipike kahawa hukataa kwa namba ya kosa 418. Mwaka 2017 ilipopendekezwa namba hiyo iondolewe kwenye Node.js, jukwaa la kuendeshea programu, na kwingineko, watu wengi walijitokeza kuitetea, ikabaki. Kwenye Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, ukiandika amri ya apt-get moo, anakutokea ng'ombe. Lugha ya kuandikia programu ya Python ilipewa jina la kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Vichekesho hivi vimepita mikononi mwa watu wa kila namna kwa miongo, na sababu ninaiona wazi: anayechekwa ni birika, au ng'ombe. Msomaji hajikuti yeye ndiye kichekesho. Yule kiziwi atakayefungua data zenu za majaribio ili aongeze sehemu ya kuwasaidia wasiosikia, yeye atajikuta.

Hata matusi yenyewe yamewahi kupatiwa mahali pake. Programu ya sudo, inayompa mtumiaji mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, ina mpangilio wa kumtukana mtumiaji anayekosea nywila, lakini kwa kawaida huwa umezimwa mpaka msimamizi wa kompyuta aamue kuuwasha. Anayeuwasha anajua anachokitaka. Mkutubi wenu hakuulizwa.

Sasa, namna ya kwenda kwa kaka. Zungumzeni kwa sauti, kwa simu au ana kwa ana, wala usimwandikie. Usifungue mazungumzo kwa neno maadili, kwa sababu kwake limeshakuwa ugomvi. Fungua kwa ujumbe wa seva kama hitilafu, maana ndivyo ulivyo. Kazi ya ujumbe wa kosa ni kumweleza mtumiaji kilichotokea na afanye nini. "Seva iko kwenye siku zake" haimwambii mkutubi kama asubiri, kama aanze upya, au kama kitabu alichorudisha mtoto kimeandikishwa au la. Andika ujumbe mpya kabla hamjaongea: "Seva imechelewa kujibu. Kazi yako haijahifadhiwa. Subiri dakika moja kisha ujaribu tena." Mhandisi mzuri, na naamini ni mhandisi mzuri, ataona tofauti kabla hujafika kwenye adabu.

Kisha mwambie kuhusu yule dada, na hapo usizungukezunguke. Mtamkie maneno aliyoyaandika, kama alivyoyaandika. Watu wengi hawajawahi kuyasikia maneno yao yakisomwa na mtu mwingine kwa sauti ya kawaida, bila kicheko. Mwambie mradi umempoteza mtu aliyeijua sehemu ya kutafuta vitabu kuliko yeyote, na kwamba wewe ungeondoka pia kama ungejibiwa hivyo wakati ule alipokuwa akipitia mabadiliko yako ya mwanzo. Umesema alikupitia mstari kwa mstari. Uvumilivu anao basi, na ndio huo unaomwomba awape wengine.

Akikubali, fanyeni usafi kwa akili. Mwishoni mwa mwaka 2018 msanidi mmoja wa kiini cha Linux alipendekeza neno moja la tusi lililotapakaa kwenye maelezo ya msimbo libadilishwe na neno lenye maana ya kumbatio. Zikatokea sentensi zisizoeleweka, na ubishi ukawa mkubwa kuliko faida. Someni kila mahali mkaandike upya. Mama Sielewi na Bwana Fundi wafutwe wote wawili, mifano ya nyaraka ipate majina ya kawaida, na kukosea na kurekebisha vizunguke kwa wote. Fanksheni zile mbili zipeni majina yanayoeleza kazi zake. Kama kuna programu za watu zinazoziita, acheni majina ya zamani yafanye kazi kwa matoleo machache huku yakitoa onyo, kisha yaondolewe. Historia ya mabadiliko msiiguse. Ukiifuta au kuiandika upya, vitambulisho vya mabadiliko yote yanayofuata vinabadilika na nakala za watu wote zinavurugika, na bado maneno yale yatabaki kwenye kompyuta zao. Yaliyoandikwa huko nyuma yaacheni huko.

Swali lako la pili ni gumu zaidi. Contributor Covenant ilianzishwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, na toleo lake la 2.0 liliweka ngazi nne za hatua: kusahihishwa, kuonywa, kuzuiwa kwa muda, na kuzuiwa moja kwa moja. Inafaa kuanzia, kwa kuwa wachangiaji wengi wameshaikuta kwenye miradi mingine. Lakini waraka haumzuii mtu yeyote. Mkiuweka kwenye mradi wakati malalamiko yote yanaenda kwa kaka peke yake, mtakuwa mmemdanganya kila atakayeusoma, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na kanuni. Wekeni wapokeaji wawili wa malalamiko, na mmoja awe mtu asiye mtunzaji, hata akitoka mradi jirani unaoaminika. Andikeni bayana kwamba anayelalamikiwa haketi kwenye shauri lake, hata awe mwanzilishi. Kama hawezi kukubali sentensi hiyo moja, basi umeshapata jibu la kama anataka kanuni au anataka mapambo.

Jambo moja nakusihi: usilipeleke hadharani kabla hujamaliza njia za ndani, hata ukikasirika. Mwaka 2013, kwenye PyCon, mkutano wa watumiaji wa Python, huko Santa Clara, Marekani, mhudhuriaji mmoja alituma mtandaoni picha ya wanaume wawili aliosema walikuwa wakitaniana kihuni nyuma yake. Mmoja wa wanaume hao alifukuzwa kazi. Mwanamke aliyetuma picha naye akafukuzwa kazi, baada ya kuandamwa kwa matusi na vitisho. Alikuwa na haki ya kulalamika, na umati wa mtandaoni ulimwadhibu kuliko yeyote. Sitaki yakukute wewe, wala kaka yako, wala yule dada ambaye jina lake litatajwa na watu atake asitake.

Mtunzaji wa tatu mwambie hivi. Kama kweli mradi unakufa siku mtu mmoja akiondoka, basi unaweza kufa hata akiugua. Angalieni nani ana funguo za kutia saini matoleo, nani analipia jina la tovuti, nani ana haki ya kuunganisha mabadiliko, na mgawane hayo mwezi huu bila kuyafungamanisha na ugomvi. Kunyamaza kwake naelewa kunatokana na hofu, lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Ikifikia pabaya, leseni inawaruhusu kunakili msimbo wote na kuanza mradi wenu. Msikimbilie huko. Mwaka 2019 watu waliokerwa na jina la GIMP, programu huria ya kuhariri picha, jina ambalo kwa Kiingereza ni tusi kwa wenye ulemavu, walianzisha nakala yake iitwayo Glimpse. Sababu yao ilikuwa ya haki, na mwaka 2021 wakasimamisha kazi kwa kukosa mikono ya kutosha. Nakala inahitaji watu, na watu mlionao ni wachache.

Mkutubi umjibu leo. Mwambie ameona sawa, ujumbe utabadilishwa, na mtoe toleo dogo kwa ajili hiyo tu msingoje lile kubwa.

Na yule dada, ndiyo, mwandikie, lakini barua isimwombe chochote. Usimwombe arudi, usimweleze kwamba kaka ana roho nzuri, usimtake athibitishe kwamba amesamehe. Subiri kwanza ujumbe ule ubadilishwe ili uwe na jambo la kweli la kumwambia. Ningeandika hivi: "Pendekezo lako kuhusu ujumbe wa seva lilikuwa sahihi na sasa limeingizwa kwenye programu, likiwa na jina lako kama mwenye wazo, isipokuwa utake liondolewe. Jibu ulilopewa lilikuwa baya, na nimemwambia aliyelitoa. Kazi yako ya sehemu ya kutafuta inatumika kila siku. Huna haja ya kujibu." Kama kaka atataka kuomba radhi, aandike barua yake mwenyewe, asijibanze ndani ya yako. Na kama dada hatajibu, usimwandikie tena.